Kava Mbili za Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila yeye aliyagawia kazi. La kulia lilikuwa la Mungu. La kushoto lilikuwa la injini. Ukikosea noti ukiwa kulia kwake, hata kama umekosea kidogo kama sisimizi, alisimamisha wimbo na kukutazama mpaka ukatubu dhambi zote ulizopanga kufanya mwaka huo. Ukikosea ukiwa kushoto, ulikuwa na bahati, kwa sababu sikio hilo lilikuwa barabarani likisikiliza lori la miwa na kujiuliza limekula nini. Sisi maalto tuligundua siri hii mapema. Ndiyo maana tulipigania kukaa kushoto kama watu wanavyopigania paja la ingokho, yule kuku wa heshima, kwenye harusi.

Alizaliwa wapi na lini, hilo waachieni watakaosoma wasifu wake siku moja wakilia kwa zamu. Mimi nilipomjua tayari alikuwa na kitambi kidogo cha heshima, miwani iliyofungwa waya, na lile gari.

Lile gari sasa. Lilikuwa dogo, la Kijapani, rangi ya buluu iliyochoka kama suruali ya jinzi ya kaka mkubwa. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya mbio yenye tabo, kile kifaa kinachoilisha injini hewa kwa nguvu hadi inapiga chafya ukiinua mguu. Mkewe, alipokuwa hai, ndiye aliyelichagua. Wanasema alisimama katikati ya magari ya kuuzwa akafumba macho, akaomba yawashwe moja moja, na lilipowashwa hili akasema, "Hili linaimba sauti ya tatu. Tulichukue." Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa bado kimefungwa kwenye kiti cha abiria cha mbele. Hakuna aliyekalia kiti hicho. Hata askofu alipopewa lifti alikaa nyuma, na alikaa kwa adabu.

Mwalimu aliliita Fahali.

Kwetu Kakamega fahali si mnyama wa kuvuta jembe tu. Ni bondia. Anaamshwa alfajiri kwa ngoma za isukuti, anasindikizwa njia nzima na watu wanaoimba na kuruka matope, halafu anakutanishwa na mwenzake pembe kwa pembe. Atakayegeuka akimbie ameshindwa. Akizoea kushindwa, mwenyewe anampeleka bucha, na jioni wale wale waliomwimbia wanamla kwa obusuma, ugali wetu, bila kinyongo.

Kanisa letu halipendi michezo hiyo. Mwalimu naye, rasmi, hakuipenda. Lakini Jumamosi za mafahali ungemwona pale pale mbele, kofia imeshushwa mpaka kwenye miwani.

"Mwalimu, wewe hapa unatafuta nini?" nilimuuliza siku moja.

"Natafuta waumini waliopotea."

Aliwatafuta kuanzia pambano la kwanza hadi la mwisho, na pambano zuri likitokea aliwatafuta akiwa amesimama juu ya mkokoteni.

Usidhani mtu mwenye gari la mbio alikuwa anakimbia ovyo. Kwenye lami Mwalimu aliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Wanafunzi wa baiskeli walimpita. Siku moja tukienda mashindano ya kwaya tulipitwa na boda boda iliyobeba sofa, na juu ya sofa amekaa mwenye sofa, miguu amekunja nne. Alitupungia. Mwalimu naye akampungia. "Barabara ni ya watu wote," akasema. Lakini mpeleke kwenye shamba la miwa lililovunwa kule njia ya Navakholo, ambako vijana wa magari walikuwa wamechonga njia ya mviringo ya kushindania. Ah! Pale alibadilika. Mtu ambaye hakuturuhusu kamwe kuharakisha hata mstari mmoja wa wimbo aliingia kona akiinua vumbi mpaka kunguru wakahama kata.

Kitu kingine: hakuwa na saa. Aliyapima mambo yote kwa nyimbo. Yai lake lilichemka beti tatu. Chai, beti mbili na kiitikio. Akikwambia nyumba yake iko "mwendo wa wimbo mmoja wa Pasaka", unakwenda, unaimba, na kweli ukimaliza aleluya ya mwisho umegonga mlango. Hata bolti alizikaza hivyo. Mafundi wengine wana spana maalumu ya kupimia nguvu. Mwalimu alikuwa na sisi. Tulisimama kuzunguka gari, tukaimba wimbo wa polepole, naye akavuta spana kidogo kila mwisho wa mstari, bolti hii, kisha ile ya mkabala, mpaka wimbo uishe. Wimbo ukiisha, bolti imefika.

Mfumo huo ulifanya kazi miaka mingi. Ulikuwa na udhaifu mmoja tu. Ulitegemea Waluhya wamalize wimbo pale unapoishia.

Nieleze kidogo. Juu kabisa ya injini kuna kifuniko kirefu kinachofunika vali na mafuta yanayozirukia. Mafundi wanakiita kava ya tapeti. Kikikaa vizuri, husikii habari zake. Kikipasuka, mafuta yanamwagika kwenye bomba la moshi lililo moto, na gari linafuka kama jiko la kuni mbichi.

Basi, kabla ya shindano moja, Mwalimu alikuwa anakaza bolti za kava. Tukaimba. Wimbo ukanoga. Makokha, mwimbaji wetu mrefu wa sauti ya tatu ambaye siku za kazi ni mwendesha boda, akarudia kiitikio. Mabesi wakaona wasiachwe, wakakirudia pia. Mama mmoja akatoa kigelegele. Tukakirudia tena na tena, na Mwalimu, mtu mtiifu kwa muziki, akaendelea kuvuta spana kila mwisho wa mstari. Kava ikasema *tak*.

"Hiyo ni noti gani?" akauliza bado ameinama.

Ilikuwa noti ya ufa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, akaupaka silikoni, na kesho yake akaenda nao shambani. Alikuwa ameshashindwa pambano lililotangulia, na sababu yake ni ya aibu: yeye haanzi kitu chochote kabla ya watu kunyamaza. Bendera ikashushwa, umati ukapiga kelele, na Mwalimu akakaa pale ameinua kiganja akingoja utulivu. Wenzake walikuwa kona ya pili. Safari hii alianza kwa wakati, lakini kwenye mzunguko wa pili Fahali akatoa moshi, akaacha mstari mrefu wa mafuta kwenye njia, akatoka nje na kuzimika kwenye mabua ya miwa.

Na fahali mwoga kwetu ana alama yake, wote mnaijua. Hujinyea.

"Amejinyea! Amejinyea!" umati ukaimba, na watu wa isukuti, wasaliti wakubwa, wakaweka mdundo.

Mwalimu akapanda juu ya bampa. Nilifikiri atakemea. Akacheka. Alicheka mpaka miwani ikamshuka, halafu akasema kwa ile sauti yake inayofika galari ya nyuma bila kipaza: "Mmecheka leo. Akishindwa tena, nampeleka kwa Bucha!"

Ilikuwa mzaha. Lakini Bucha alikuwepo.

Bucha ni mfanyabiashara wa Mumias. Hajawahi kuchinja hata jogoo hadharani. Anachochinja ni magari: analinunua zima, analikata, anauza injini huku, milango kule, taa kwingine. Alikuwa amesimama nyuma na kanzu yake nyeupe isiyojua vumbi, akainua mkono kwa upole.

"Nimekusikia, Mwalimu," akasema.

Basi. Neno lililosemwa mbele ya isukuti halirudishwi, hata kama lilitoka likiwa linacheka. Njiani kurudi, Mwalimu hakuimba. Alikuwa anatazama kile kitambaa kwenye kiti cha mbele, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipitwa na mtu wa miguu.

Ndipo ikaja habari ya kava mpya.

Sisi wanakwaya tulikuwa na hamu ya kurekebisha mambo, kwa hiyo tukamnunulia zawadi. Makokha alikuwa ameiona kwa simu, ikaletwa kutoka Nairobi ndani ya boksi lenye sponji kama yai la mbuni. Kava nyekundu! Si ya kiwanda kilichotengeneza gari, hapana, ni ya watu wengine wanaotengeneza vitu vya mbio na urembo. Alumini iliyopakwa rangi nyekundu inayong'aa, ukiitazama unajiona meno. Nilipojiona ndani yake nilijikubali sana. Masoprano walitaka kupigwa picha wakiwa wameibeba kama mtoto wa ubatizo.

"Ni nzuri," Mwalimu akasema. "Asanteni, wanangu. Sasa twende Mumias."

"Mumias kufanya nini?"

"Kumwona dada yake."

Tulikwenda mimi, yeye na Makokha, sisi wawili tumekaa nyuma kama maharusi. Uani kwa Bucha kulikuwa na magari yasiyo na vichwa, yamepangwa safi.

"Asalamu aleikum, Mwalimu wa nyimbo."

"Waleikum salaam, mchinjaji. Nataka kava ya kiwandani. Iliyozaliwa na gari."

Bucha akaingia ndani, akatoka na kitu cheusi, kizito, kina masizi ya mafuta ya zamani. "Hii ilitoka kwa ndugu yake Fahali. Ndugu alikufa kwa kugonga ukuta, lakini kichwa chake kilikuwa kizima."

"Inafanana na sufuria iliyosahauliwa motoni," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Binti," Bucha akanijibu, "sufuria yenye masizi ndiyo iliyopika." Kisha akamgeukia Mwalimu, na hapo akawa hana utani. "Nakuuzia, lakini tuelewane. Nina mteja anaisubiri injini ile. Ukishindwa, nakuja kuichukua, na kava hii itarudi hapa juu ya kichwa kile kile. Usinichukie."

"Sitakuchukia. Utanipa chai?"

"Chai utapewa hata ukishindwa."

Jumamosi baada ya mazoezi Mwalimu akaleta kava zote mbili nyuma ya kanisa, akatufanyia kitu ambacho sijawahi kuona kikifanyiwa kipuri chochote duniani. Alizifanyia usaili, kama tunavyofanyiwa sisi tukitaka kujiunga na kwaya.

"Geukeni ukutani. Fumbeni macho. Atakayechungulia ataimba peke yake Jumapili."

Akafunga moja, akawasha, akazima. Akafungua, akafunga nyingine, akawasha. Ya kwanza ilikuwa na sauti nzito, kama babu anayenung'unika bafuni. Ya pili, loo! Ililia *tiki-tiki-tiki*, wazi, nyepesi, kila vali inasikika na jina lake. Hata mabesi walitikisa kichwa.

"Anayetaka ya pili?"

Mikono yote juu, kushoto na kulia.

"Kwa nini?"

"Inaimba!" tukasema.

"Mnapendanga vitu vya kelele," akasema. Akazilaza zote mbili chali juu ya benchi. "Njooni. Mwimbaji msimpime kwa joho. Mwangalieni ndani ya mdomo."

Tukaziinamia. Ile nyekundu ndani ilikuwa tupu, laini, kama karai la kuogea mtoto. Ile nyeusi ilikuwa na vibamba vya chuma vimepangwa kama vyumba vya kichuguu, ukuta huku, kona kule, kitundu kidogo pale. Mwalimu akapitisha kidole.

"Injini inapumua. Pumzi inatokea hapa juu, kwenye bomba hili. Sasa wewe ukiwa unakata kona kwa kasi, mafuta yote yanakimbilia upande mmoja, yanapanda. Kwenye hii nyeusi yatagonga ukuta, yatarudi chini. Pumzi itatoka peke yake. Kwenye hii nyekundu?"

"Yatatoka na pumzi," nikasema, bila kupenda.

"Kama alto anayeimba na chakula mdomoni."

Kila mtu alinitazama mimi. Sijui kwa nini.

"Lakini Mwalimu," Makokha akasema, "si zote za kununua ziko tupu. Wako wanaoweka kuta ndani."

"Wako. Na mngeniletea hiyo ningeibusu. Wako pia wanaoziacha tupu, kwa magari ya kukimbia moja kwa moja. Sisi njia yetu ina sehemu moja tu iliyonyooka, nayo ni njia ya kwenda nyumbani. Zilizobaki zote zinakunja kushoto."

Kwaya haikuridhika. Masoprano walinuna kwa sauti tatu. Ikabidi aifunge nyekundu, aende shambani aizungushe mbele yetu. Mzunguko wa kwanza, shangwe. Wa pili, shangwe. Wa tatu, ukatoka moshi wa buluu nyuma, mwembamba, halafu mnene. Akarudi, akavua lile bomba la kupumulia, akaligeuza kiganjani. Mafuta yakachuruzika mpaka kiko cha mkono.

"Imeimba mpaka imetapika," akasema.

Hata hivyo Makokha alijaribu mara ya mwisho. "Mwalimu, kabla ya shindano boneti inafunguliwa watu waone. Kama pembe za fahali. Utawafungulia wapinzani wetu wa Lugari sufuria?"

"Nitawafungulia."

"Watatucheka bana!"

"Wacheke. Kuchekwa si kuvuja."

Ikabaki kuikaza ile nyeusi. Mwalimu akashika spana, akatutazama mmoja mmoja kama hakimu. "Wimbo ule ule. Beti nne. Kiitikio mara moja kila ubeti. Mara moja! Atakayerudia analiuza gari hili."

Sijawahi kuimba kwa woga namna ile. Tulikuwa tunatembea juu ya mayai kwa sauti nne. Ubeti wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Kwenye wa tatu mguu wa Makokha ukaanza kucheza peke yake, akaukanyaga kwa mguu wa pili. Wa nne ukawa mtamu kuliko yote, kwa sababu shetani naye anajua muziki. Kiitikio kikaisha. Kimya. Na nikamwona besi mmoja mzee, mtu wa heshima kabisa, anavuta pumzi, kifua kinapanda, mdomo unafunguka. Nilikuwa na kiazi kitamu mkononi. Kikaingia.

Mwalimu akaweka spana chini. Besi akatafuna. Tukaanza kupumua.

Siku yenyewe ilifika na jua lake na watu wake. Mpinzani alikuwa kijana wa Lugari, mkulima wa mahindi, mpole, anayewaamkia wazee kwa mikono miwili halafu anaingia garini na kuwa radi. Gari lake jeupe, na boneti ilipoinuliwa, kila kitu kiling'aa kama kabati la vyombo la bibi harusi. Watu wakasema aaah. Wakaja kwetu. Mwalimu akainua boneti.

"Uuuwi! Hii imetolewa jikoni!"

"Mwalimu, umesahau kutoa ukoko!"

Nilitamani ardhi inimeze, kisha inimeze tena kwa uhakika. Mwalimu akawashukuru wote kama waliokuwa wakitoa sadaka. Akafunga boneti, akakigusa kile kitambaa kwenye kiti cha mbele, akawasha. Bucha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwisho wa njia, kanzu nyeupe pe. Nyuma yake lilikuwa lori la kuvutia magari. Lilikuja tupu. Sikupenda lile neno, tupu.

Bendera ikashuka. Mwalimu hakungoja utulivu! Waliondoka ubavu kwa ubavu, isukuti ikakazana, sisi tukakimbia kando ya njia tukipiga mayowe bila kujali nani soprano. Kushoto, kushoto, kushoto. Mzunguko wa kwanza kijana wa Lugari alikuwa mbele. Wa pili Fahali akamfikia, akapiga chafya sikioni mwake. Wa tatu nikafumba macho nikasubiri watu waanze kuimba kuhusu kinyesi. Hawakuimba. Nikafumbua. Hakuna moshi. Buluu iliyochoka na nyeupe inayong'aa ziliingia kona ya mwisho pamoja, zikatoka pamoja, na kwenye mstari gari jeupe lilikuwa mbele.

Mbele kwa urefu wa boneti. Lakini mbele.

Ngoma zikanyamaza. Huo ndio utulivu ambao Mwalimu alikuwa anautafuta tangu pambano la kwanza, na haukuwa na faida yoyote. Akashuka, akafuta miwani, akaanza kukifungua kile kitambaa taratibu kutoka kwenye kiti. Makokha, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa analia ndani ya helmeti.

"Bucha!" mjinga mmoja akapaza sauti. "Chukua nyama yako!"

Bucha akasimama. Akaja polepole, kanzu haijali vumbi.

"Mwalimu, ulisema akishindwa."

"Nilisema."

"Mimi ni mtu wa Mumias, mafahali wenu siwajui vizuri. Nifundisheni. Kwenu fahali anashindwaje?"

Watu wakatazamana. Mpiga isukuti mkubwa akajibu, "Akigeuka akimbie."

"Huyu aligeuka?"

"Nilimtangulia," kijana wa Lugari akasema, akivua kofia. "Kugeuka hakugeuka. Nilimsikia mgongoni mpaka mwisho. Kusema kweli nilikuwa karibu kukimbia mimi."

"Alitoka nje ya njia?"

"Hakutoka!" tukaitikia, kwaya nzima, sauti nne.

"Bado moja," Bucha akasema. "Mara ile mliimba kwamba amejinyea. Boneti!"

Makokha akaiinua. Joto likatupiga usoni. Bucha akaukunjua mkono wa kanzu yake, ule mweupe kuliko dhamiri yangu, akaupitisha upesi kwenye ukingo wa ile kava nyeusi, mzunguko mzima, pale kava inapokutana na kichwa cha injini. Halafu akauinua mkono juu, watu wote wauone.

Kulikuwa na masizi. Kulikuwa na vumbi la shamba. Mafuta hayakuwepo, hata tone la kumpaka nzi.

"Mkavu," Bucha akasema. "Mimi sinunui fahali aliyesimama. Nyama yake ngumu, itanivunjia misumeno." Akamwambia dereva wa lori ageuze, kisha akaitazama kanzu yake na kuguna. "Mwalimu, hii utanifulia."

Sijui nani alianza. Nadhani isukuti. Fahali alisindikizwa kutoka pale mpaka barabarani na watu zaidi ya waliomsindikiza mshindi, mshindi mwenyewe akiwemo, anaruka mabua na viatu vyake vya Lugari. Tuliimba ule wimbo wa bolti. Kiitikio tulikirudia mpaka sauti zikatuisha, na Mwalimu, ambaye kitambaa alikuwa amekifunga tena kwenye kiti chake, alituachia kila tulipotaka. Alikuwa anaendesha polepole kuliko kawaida. Mbuzi alitupita.

Kava nyekundu ilitundikwa ukutani kwenye chumba cha kwaya, imegeuzwa chali, imejazwa udongo na maua. Kwa sababu ndani ni tupu, mizizi iliingia vizuri sana. Masoprano huimwagilia maji na kuiita baraka.

Mimi sasa niko shule ya bweni, ambako kwaya inafundishwa na mtu mwenye saa. Likizo iliyopita nilikuwa natoka Bukura, nimetumwa miche ya parachichi, nikasimama kando ya barabara kungoja boda. Likaja gari la buluu likinyata. Nilikuwa na muda wa kutosha kulitambua, kujipanga nywele na kula ndizi kabla halijafika.

"Panda nyuma, alto."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo miche isiguse kiti cha mbele."

Amezeeka kidogo. Waya wa miwani umeongezwa waya. Alinihoji habari za shule, nikamdanganya vizuri, akajua, akaacha. Kisha akaniambia kwamba kijana wa Lugari amekuja kwake kuuliza habari za kava, naye amempeleka kwa Bucha, na kwamba Desemba wanakutana tena shambani, wao wawili.

"Na safari hii umeapa nini?" nikamuuliza.

"Sijaapa."

"Mwalimu."

"Niliapa kidogo. Kwa mzaha."

"Mbele ya isukuti?"

Akasikiliza injini kwa lile sikio la kushoto. Boda iliyobeba kitanda ikatupita.

"Nilisema nikishindwa, nawapeleka maalto wote kwa Bucha."

"Mwalimu! Na Bucha alikuwepo?"

"Alikuwepo. Akasema amenisikia." Akaingiza gia ya pili kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. "Usiogope, binti yangu. Mkifungua tu midomo, kabla ya magharibi mtakuwa mmerudishwa."